Suruali Saba za Soli Nene

Mume wangu hajawahi kujua kukaa. Hata akiketi, lazima kiungo chake kimoja kiwe safarini: kisigino, kidole, au ulimi unaogonga meno kwa ndani. Siku alipokuja kwetu kuposa, mama yangu alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Hivi huyu kaja kuposa, au kabanwa na haja?"

Alikuwa mpiga dramu, basi. Mikono yake ilishazoea kutumwa. Bendi yao ilipiga fanki, na ule muziki mwingine wa Wamarekani weusi, "soul", ambao wao waliutamka kama "soli". Mimi nilidhani ni soli ya kiatu, wala sikushangaa, maana kila Jumapili alirudi na viatu vilivyolika upande mmoja. Nikamwambia kiongozi wao, ambaye sasa ni marehemu, "Shemeji, huu muziki wenu wa soli utatumaliza kwa fundi viatu." Alicheka mpaka akashika ukuta, na wiki ile ile bendi ikabadilishwa jina ikaitwa Soli Nene.

Nguo zao nilishona mimi. Suruali za bugaluu, chini pana kama mdomo wa tarumbeta, juu zimebana kiasi kwamba mtu akitaka kupiga chafya anafikiri kwanza. Chumba changu cha cherehani kilipakana na ukumbi waliofanyia mazoezi na kurekodi. Katikati palikuwa na ukuta wa mbao tu, na mbao zenyewe zilishaanza kuachana, kila moja na hamsini zake.

Watu walimwita mume wangu Saa. Si kwa kuwahi. Huyu mtu hajawahi kuwahi popote, hata kwenye ndoa yake alikuja nimeshakaa nusu saa na shela kichwani. Jina lilitokana na wimbo mmoja, "Sina Kituo". Katika wimbo huo dramu zinakimbia kama mtu anayefukuzwa, halafu ghafla kila kitu kinakatika, kimya, pumzi moja, halafu mbio zinaanza tena. Na hivyo vituo havikuwa na kipimo. Kimoja mbali, kingine karibu, vitatu vimefuatana kama kwikwi. Wacheza dansi walinaswa na mguu mmoja hewani. Wapiga dramu wa bendi nyingine walikuja kusimama mbele ya jukwaa wakihesabu kwa vidole, wakarudi kwao na vidole vyao. Wakasema, yule mtu ana saa yake tumboni, na hamwonyeshi mtu.

Kwa jina hilo ameishi miaka arobaini na mitatu. Mtu asiyemjua kabisa humsimamisha njiani, "Saa! Hebu tukatie!" Naye hugonga mara nne kwenye chochote kilicho karibu, mlango wa duka, boneti ya gari la watu, halafu anakata, anainua kidole juu, na yule mtu anaondoka amefurahi kama amepewa kitu cha kubeba.

Sasa mwaka huu akaja Masikio.

Masikio ni binti, fundi wa mitambo ya sauti, na jina hilo tumempa sisi kwa vile zile spika za kuvaa kichwani hazimtoki. Kampuni yake inataka kutoa nyimbo kumi bora za Soli Nene kwa pamoja. Alikuja nyumbani Jumatatu asubuhi na begi la kanda kuukuu, akatuamkia vizuri, akakaa chini sakafuni kama mtoto wa nyumba. Mashavu naye alikuja, mpiga tarumbeta. Kwenye bendi nzima wamebaki wao wawili tu, na kazi yao kubwa ni kubishana.

"Wa kwanza uwe 'Jasho la Jumamosi'," Mashavu akasema. "Pale tarumbeta inapopanda, mbwa wa mtaa mzima walikuwa wanaitikia."

"Walikuwa wanalalamika," mume wangu akasema.

"'Mpe Nafasi Moyo' je, Babu?" Masikio akauliza.

"Huo weka. Huo hata mawe yalichumbiana."

"Wa kulalia huo," Mashavu akasema.

"Kwa sababu kila huo ulipopigwa wewe ulibaki umekaa peke yako. Weka, binti yangu."

Wakaendelea hivyo mpaka chai ikapoa mara mbili. Tisa zilipatikana kwa ugomvi. Wa kumi haukugombewa. Masikio alisema, "Na 'Sina Kituo' ndiyo itafungua," na Mashavu akainamisha kichwa. "Hapo sina neno. Na unajua, shemeji, mimi mumeo simpendi."

Ndipo Masikio akatuambia lililomleta. Kanda ya "Sina Kituo" ilikaa mahali penye unyevu, ukungu ukaila katikati. Dakika moja na nusu haipo. Kwenye santuri ya zamani hakuna cha kuazima, kwa sababu santuri ndogo haikuweza kubeba wimbo wa dakika saba. Waliweka mwanzo na mwisho, katikati wakaiacha. Amejaribu kuchukua kipande cha mbele akishone pale penye tundu, vituo vikagongana kama watu gizani.

"Kwa hiyo, Babu, uje Alhamisi utupigie hicho kipande. Gitaa na besi nitaviokota humo humo, lakini dramu ni lazima ziwe zako. Saa kumi jioni kazi yote inaondoka kwenda kuchapishwa."

"Na ikishindikana?"

Masikio akamtazama Mashavu, Mashavu akatazama dari. "Ikishindikana, wimbo nusu siwezi kuuweka. Itafungua 'Pumzi Mbili' ya Babu Mashavu."

"Ipo nzima kama yai," Mashavu akasema kwa upole.

Mume wangu akacheka. "Alhamisi nakuja. Kwani nimesahau jina langu?" Lakini goti lilikuwa linapiga chini ya meza mpaka vijiko vinaongea.

Masikio alipokuwa anafunga begi, akakumbuka kitu. "Babu, chini ya dramu zako kuna mlio mdogo. Unakwaruza, kama panzi hivi. Ni nini?"

"Panya," mume wangu akasema.

"Panya anayefuata mdundo?"

"Panya wa bendi, huyo. Walikuwa wanakula mabaki yetu, wakajifunza."

Mimi nilikuwa naokota vikombe.

Yule panya ni mimi. Ni cherehani yangu ya kukanyaga kwa mguu. Siku ile walipokuwa wanarekodi, mimi upande wa pili nilikuwa nashona suruali saba zilizotakiwa jioni ile ile, na mume wangu, badala ya kumfuata kiongozi wake, alikuwa anachungulia kwenye ufa wa mbao anaufuata mguu wangu. Nikikanyaga, anapiga. Nikifika mwisho wa mshono, nikisimama kugeuza kitambaa, anakata. Nikianza tena, anaanza. Bendi nzima ikamfuata yeye. Nililiona jicho lake ufani, na yeye aliniona nimeliona, na tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja. Yeye akapata jina. Mimi nikaona, ah, jina si sahani ya kulia. Na mimi pia nilikuwa na langu la siku ile ambalo sikulitoa, kwa hiyo tulikuwa sawa.

Jumanne yote alipiga meza. Jumatano akahamia kwenye ndoo, akaigeuza juu chini, akakaa uani na vijiti. Anakimbia vizuri, tatata tatata, halafu anakata, halafu anabaki ameinua mikono, hajui kama aanze au angoje. Anatukana kidogo. Anasogeza ndoo. Anasema ndoo ina ufa. Nikamletea nyingine. Hiyo nayo ina mpini unaoning'inia, unamchanganya. Akaja jikoni, akafungua kabati, akafunga. Akaenda barabarani, akarudi.

"Umetafuta nini huko nje?"

"Hewa."

"Uani hakuna?"

"Ya uani imechoka."

Mchana wa Jumatano nilikuwa napindisha sketi ya shule ya mtoto wa jirani. Akaja akasimama mlangoni. Mguu wangu ukisogea, kidole chake kwenye fremu kinasogea. Nikasimama kukata uzi, kikasimama.

"Sketi ya nani hiyo?"

"Ya mtoto wa jirani."

"Siku hizi hushoni suruali?"

"Nani ataniletea? Wananunua zilizotengenezwa."

Nikaona neno linapanda shingoni, linafika kidevuni, linarudi. Akaondoka.

Ningeweza kumwambia. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo: vua kiburi, niulize, nikuonyeshe. Lakini kuna maneno mtu asipoyatema mwenyewe, ukimtolea wewe anayaita matusi. Nikangoja. Kushona nilifundishwa, kungoja nimezaliwa nako.

Alhamisi alivaa shati jeupe, akalivua, akavaa la bluu, akarudia jeupe. "Utanisindikiza?" akaniuliza, akiwa ameshatoka nje ya mlango.

Studio yenyewe ni chumba kilichopigwa magodoro ukutani, na dirisha kubwa la kioo. Upande mmoja dramu, upande wa pili mitambo ya Masikio, taa nyekundu juu ya mlango, na kochi. Kwenye kochi alikuwa Mashavu na paketi ya biskuti.

"Wewe umeitwa na nani?" mume wangu akamuuliza.

"Nimekuja kukuombea dua."

Alianza saa saba. Masikio alimwekea masikioni mlio wa kuhesabia, tik tik tik, mume wangu akauvua kama mdudu. "Huu wimbo hauhesabiki, binti yangu, unasikika." Akajaribu bila mlio. Mara ya kwanza alikata mapema. Mara ya pili alikata vizuri akaanza vibaya. Mara ya tatu akasema kiti kirefu. Mara ya nne kiti kifupi. Mara ya tano soksi inamteleza, akavua viatu, akavua soksi, akapiga kwa mguu mtupu, akapotea kabisa, akawa anapiga kitu kingine, kizuri tu, lakini si chenyewe.

"Saa imeisha betri," Mashavu akasema huku akitafuna.

"Babu, tafadhali," Masikio akamwambia.

"Ya zamani ile, haitumii betri. Jamani, mtieni ufunguo!"

Saa nane na nusu. Masikio akabonyeza kitufe, akasema kwa sauti ya kumbembeleza, "Babu, pumzika kidogo. Hata tukishindwa, nyimbo tisa ni nyingi." Nikamwona mume wangu kupitia kioo. Aliweka vijiti juu ya mapaja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuna kilichokuwa kinatikisika mwilini mwake. Nikaogopa. Mtu wa aina ile akitulia, ujue kuna kitu kimekatika ndani.

Akainuka, akaja upande wetu, akasimama mlangoni na miguu yake mitupu.

"Ule mdundo si wangu," akasema.

Biskuti ikasimama njiani kuelekea mdomoni kwa Mashavu.

"Unasemaje?"

"Si wangu. Nilikuwa namfuata mke wangu. Alikuwa anashona upande wa pili, na mimi naangalia mguu wake kwenye ufa. Yule panya ni cherehani yake. Haya. Sasa mmejua."

Mashavu akaiweka biskuti chini polepole.

"Ngoja. Miaka yote ile pale jukwaani nakufuata wewe, kumbe namfuata shemeji?"

"Ndiyo."

Mashavu akafikiri. "Afadhali," akasema.

Masikio tayari alishasimama. "Bibi, cherehani bado ipo?"

"Ipo nyumbani. Kwenda na kurudi ni saa mbili nzima." Mume wangu akafumba macho. Nikamwambia binti, "Lakini si lazima. Nisikilizishe hapo kabla ya tundu."

Akanivika zile spika. Sikuwa nimeusikia wimbo ule karibu hivyo. Chini kabisa, chini ya besi, nikajisikia. Kra-kra-kra-kra. Nikasikia kanyagio langu lenye skrubu iliyolegea. Nikajua mara moja nipo wapi.

"Hii ni suruali ya Mashavu," nikasema.

"Unajuaje, Bibi?"

"Sikiliza mshono ulivyo mrefu. Nani mwingine kwenye bendi alikuwa na miguu kama korongo? Huu ni ubavu wa nje, mguu wa kulia. Hapo nageuza. Hapo nafika kwenye goti, nasimama kunyoosha kitambaa, kile kitambaa kilikuwa kinateleza. Sasa panapokatika, ndiyo nilikuwa naanza ubavu wa ndani. Wa ndani ni mfupi. Halafu mguu wa kushoto, nje, ndani. Halafu makalio, pale nashona mara mbili, maana Mashavu alikuwa anazipasua. Halafu mifuko. Mifuko ndiyo ile kwikwi yenu, tap, tap, tap: upande, chini, upande. Halafu kiuno."

Masikio alikuwa anaandika mbio. "Kwa hiyo watu wanaohesabu vile vituo..."

"Wanahesabu suruali."

"Na yangu!" Mashavu akasema. Alikuwa ameinuka kwenye kochi kwa furaha. "Hilo liandikwe!"

Niliingia ndani na mume wangu. Masikio akaniwekea kinasa sauti mbele ya mdomo, akaniambia niongee taratibu, babu atanisikia masikioni peke yake na sauti yangu haitaingia kwenye wimbo. Taa ikawaka. "Ubavu wa ndani," nikasema, "twende... twende... goti, simama. Twende... twende... geuza." Alipiga. Kila kituo kikakaa mahali pake kama kifungo kwenye tundu. Tulifika kiunoni bila kosa. Nilitabasamu. Yeye hakutabasamu. Anajua kazi yake.

Sauti ya Masikio ikaja. "Vituo ni vyenyewe, Bibi. Lakini... imelala. Mbele inakimbia, nyuma inakimbia, hapa katikati inatembea na mkongojo."

Tukarudia. Imelala. Tukarudia, nikasema maneno haraka haraka, ikawa imelala kwa haraka. Saa ya ukutani ilikuwa imepita tisa na robo.

Mume wangu akanigeukia. "Siku ile ulikuwa na haraka gani?"

"Suruali zilitakiwa jioni."

"Suruali zilikuwa zinatakiwa jioni siku zote. Hukuwahi kushona vile. Cherehani ilikuwa inataka kutoka mlangoni. Mimi nilianza kukutazama kwa sababu hiyo, nilijiuliza, huyu ana nini leo?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani ukijua nakutazama utaacha."

Nilitazama miguu yake mitupu juu ya zulia. Miaka arobaini na mitatu nilikuwa nimeshikilia kitu hiki kama sindano mdomoni, ambayo fundi akizoea hata anaongea nayo. Nikainama karibu na kinasa, ili nimwambie yeye tu.

"Nilikuwa naondoka."

"Kwenda wapi?"

"Kwa mama. Basi la saa tisa. Nilisema nimalize suruali saba, nisije nikasemwa nimeacha kazi njiani, kisha niende na nisirudi."

Vijiti vilikuwa vimesimama hewani. "Nilikufanya nini?"

"Asubuhi yake alikuja yule mtangazaji wa redio. Ukamtambulisha bendi nzima, mmoja mmoja, na sifa zake. Ulipofika kwangu, ukaniweka mkono begani kama mtu anayeonyesha kabati. Ukasema, 'Na huyu ni fundi wetu.'"

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Nikaingia ndani, nikafunga nguo zangu."

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mbona hukwenda?"

"Sanduku langu la bati nililiweka nyuma ya mlango wa ukumbi, nipite nalo. Kiti chako kikavunjika mguu. Ukalivuta sanduku, ukalikalia. Mkaurudia wimbo mara tisa."

"Ungeniambia nikupishe!"

"Ningekuambia inuka, nataka kukuacha?"

"Na kesho yake?"

"Kesho yake mtoto aliamka na surua. Surua ilipoisha shule zikafunguliwa. Kuachana nako kunataka nafasi, baba watoto."

Nikainua macho. Upande wa pili wa kioo Masikio alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, na Mashavu alikuwa anatazama ukuta kama mtu aliyeingia chumba cha wenyewe bila kubisha. Ndipo nikaelewa. Kile kinasa hakijui siri. Kila nililosema lilikuwa limewafikia wote.

Mume wangu aliwaona pia. Hakujali. Macho yake yalikuwa juu ya mguu wangu, ule wa kulia, kama siku ile. "Washa," akamwambia Masikio bila kugeuka.

Nilisema "ubavu wa ndani" na tayari alishanipita. Nilimkimbilia. "Goti!" Akakata kabla sijafunga mdomo, akaruka tena. Hakuwa anapiga kwa nguvu, alikuwa anapiga kama mtu aliyesikia basi linawashwa naye yuko mbali na mkoba mkononi. Matoazi yalikuwa yanahema. Kwenye makalio ya suruali ya Mashavu alipiga mara mbili mpaka nikahisi uzi unavyokaza. Mifuko: tap, tap, tap. Kiuno. Geuza. Kata.

Alibaki ameinua mikono. Jasho lilikuwa linamdondoka puani, na hakuna aliyethubutu kupumua mpaka taa ilipozimika.

Masikio alikiingiza kile kipande mahali pake, akatusikilizisha wimbo wote, dakika saba. Mimi ni fundi, nilitafuta mshono. Sikuuona. Saa kumi kasoro dakika nane kazi ikaondoka.

"Kwenye jalada la nyimbo niandike nini, Babu?" Masikio akauliza. "Dramu, nani?"

"Mimi."

"Na...?"

"Na mke wangu. Cherehani." Akasema haraka, kama mtu anayelipuuza, akaanza kutafuta soksi zake.

Mashavu alitusindikiza mpaka barabarani. Hakufanya mzaha hata mmoja mpaka tulipoagana, ndipo ikamshinda. "Kwa heri, shemeji. Kwa heri, Suruali."

Basi ndilo jina lenyewe sasa. Limesambaa ndani ya siku mbili. Jana muuza magazeti alimwita hivyo, "Suruali! Hebu tukatie!" Alisimama, akafikiri kidogo, akagonga mara nne kwenye meza ya magazeti, akakata. Lakini hakuinua kidole. Alirudi nyumbani mbio.

Maana ugonjwa wake sasa umehama. Miguu imetulia, hata vijiko mezani vimenyamaza. Jioni nimekaa naye, yeye na redio yake, mimi na sketi yangu. Nikanyanyuka.

"Unakwenda wapi?"

"Jikoni."

Nikaenda, nikarudi. Nikakaa. Baada ya muda nikanyanyuka tena kutafuta mkasi.

"Unakwenda wapi?"

"Mkasi, baba watoto."

Akapunguza redio ili asikie nyayo zangu. Nilikuwa nimeukumbuka mkasi ulipo, juu ya kabati la chumbani, mkono unaufikia. Lakini nilikawia kidogo humo ndani. Nikasimama tu, nimeushika, nikimsikiliza akisogeza kiti, akikohoa, akisogeza kiti tena.